Pesa Hupangwa Kabla Haijafika Mkononi

Nidhamu ya pesa ni mazoea ya kuamua mapema kila shilingi itafanya kazi gani, kuandika ilikokwenda, na kutenga sehemu yake kwa siku ambazo bado hazijafika. Mazoea hayo hayamsubiri mtu atajirike. Wapo wanaolipwa vizuri tarehe 25 na ifikapo tarehe 10 wanaazima nauli, na wapo wauza mboga waliosomesha watoto kwa meza moja sokoni. Kipato kidogo ni tatizo la kweli, wala hakuna bajeti inayogeuza shilingi 5,000 kuwa 10,000. Hata hivyo, kati ya watu wawili wenye kipato kinacholingana, anayesonga mbele mara nyingi ni yule ambaye uamuzi wake ulishafanyika kabla pesa haijaingia mfukoni. Pesa ikishafika mkononi bila mpango, kila haja iliyo karibu huonekana kubwa kuliko iliyo mbali.

Kila kipato na mwendo wake

Ushauri mwingi wa fedha ulioandikwa vitabuni unamlenga mtu wa mshahara. Kanuni inayotajwa sana ni ile ya kugawa kipato asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba na madeni. Ilipata umaarufu kupitia kitabu cha mwaka 2005 cha Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi, nchini Marekani. Kanuni hiyo ina maana katika nyumba ambayo chakula na pango havifiki nusu ya kipato. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya, vitu hivyo viwili peke yake huivuka nusu, na anayejilazimisha kufuata asilimia za kigeni hukata tamaa mwezi wa kwanza tu.

La kuanza nalo ni mwendo wa kipato chenyewe. Dereva wa bodaboda hupata pesa kila siku, na kabla ya kula chake hupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki. Huyu anafaa kutenga kila siku, kwa kuwa akisubiri mwisho wa mwezi hatakuta kitu. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi huuza kwa minada ya msimu, hasa kati ya Oktoba na Desemba, chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Malipo yake yanapaswa kugawanywa kwa miezi 12 siku ileile yanapoingia, baada ya kuondoa pesa ya pembejeo za msimu unaofuata. Fundi ujenzi hupata kazi kwa kazi. Kwake kipimo salama ni mwezi mbaya: apange matumizi ya nyumba kwa kiwango cha miezi yenye kazi chache, na ziada ya miezi mizuri iende kuziba mapengo. Mtu wa mshahara ndiye mwenye kazi nyepesi kuliko wote, kwa sababu anaweza kuielekeza benki au SACCOS yake, yaani chama cha akiba na mikopo, ikate akiba kabla yeye hajaigusa.

Asilimia zenyewe huja baadaye. Aliyeanza kwa kutenga asilimia 3 bila kukosa yuko mbele ya aliyetenga 20 kwa mwezi mmoja kisha akaacha.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo unawagusa zaidi wafanyabiashara wadogo. Mfano ni mama lishe anayeuza chakula cha shilingi 90,000 kwa siku. Mchele, unga, nyama, mboga, mafuta, mkaa na maji vimemgharimu 62,000. Msaidizi amelipwa 8,000. Kibanda na ushuru vimechukua 2,000. Kilichobaki ni 18,000, na hicho ndicho chake. Lakini jioni mkononi mwake zipo noti nyingi, na macho huziona zote kuwa faida. Akipeleka nyumbani 25,000 kila siku, mtaji unapungua kwa 7,000. Baada ya siku 10 zimekwenda 70,000, ambazo ni mahemezi ya siku nzima pamoja na ujira wa msaidizi. Hapo ataanza kukopa mchele kwa mwenye duka na kusema biashara imekuwa mbaya, ilhali wateja ni walewale. Biashara nyingi hufa hivi, kwa kuliwa mtaji kidogo kidogo na mwenye mtaji mwenyewe.

Dawa yake ni kujilipa kiasi maalumu na kuziweka mbali pesa za nyumba na pesa za biashara, hata kama ni kwa mikoba miwili au laini mbili za simu. Daftari lenyewe halihitaji utaalamu. Safu tatu zinatosha: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Kwa wanaotumia huduma za pesa za simu, nusu ya kazi imeshafanyika, kwa kuwa kila muamala una ujumbe wenye tarehe na kiasi. Dakika chache za kunakili kila jioni hutoa picha ambayo kumbukumbu haiwezi kuitoa.

Mwezi wa kwanza wa kuandika ni wa kutazama, wala si wa kujilaumu. Mara nyingi kinachojitokeza ni kwamba pesa haiendi kwenye jambo moja kubwa, bali kwenye ada za kutoa na kutuma pesa, vocha za vifurushi vidogo vinavyonunuliwa mara tatu kwa siku, na bidhaa za kupima kwa kibaba au kopo ambazo bei yake kwa kilo hupita ile ya kununua kwa pamoja. Familia ikiyaona hayo kwa maandishi, mazungumzo ya matumizi huacha kuwa ugomvi na huwa hesabu.

Dharura zenye tarehe

Sehemu kubwa ya mambo yanayoitwa dharura yana tarehe zake. Januari huja kila mwaka. Kodi ya nyumba ya miezi sita au mwaka mzima hulipwa siku inayojulikana. Elimu katika shule za Serikali haina ada mpaka kidato cha sita tangu 2022, lakini sare, viatu, madaftari na nauli vipo palepale. Sikukuu zipo kwenye kalenda. Harusi na misiba haina tarehe, ila kila familia inajua kwamba mwaka hautapita bila michango yake.

Kalenda ya matumizi huandikwa kwa kuorodhesha mambo ya namna hiyo na kuyagawa kwa miezi 12. Familia inayolipa pango la shilingi 80,000 kwa mwezi, kwa awamu mbili za miezi sita, inahitaji 960,000 kwa mwaka. Ikiongeza mahitaji ya shule 360,000, michango ya harusi na misiba 180,000, sikukuu 120,000 na matengenezo madogo 60,000, jumla ni 1,680,000, yaani 140,000 kila mwezi, au takribani 4,700 kwa siku. Namba hiyo inaweza kutisha, lakini deni hilo lipo hata lisipoandikwa. Tofauti ni kwamba asiyeliandika hukutana nalo lote kwa siku moja na kukimbilia kukopa.

Baada ya mambo yenye tarehe kupata fungu lake, ndipo inapojengwa akiba ya dharura za kweli: ugonjwa, kupoteza kazi, ajali, jiko kuungua. Lengo la miezi mitatu ya matumizi ni zuri, ila huchukua muda. Hatua ya kwanza inayofaa ni kiasi cha kumfikisha mgonjwa hospitali na kumnunulia dawa bila kukopa. Fungu hili lisichanganywe na lile la kodi au la shule, kwa kuwa pesa isiyo na jina hutumika kwa kila jambo.

Mahali pa kuweka akiba

Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya miongoni mwa wanachama wa vikundi vya kuchangiana, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi ya wanachama walipewa kisanduku cha bati chenye kufuli na ufunguo wake, wakaombwa kutaja hitaji la afya wanaloliwekea akiba. Waliopata kisanduku hicho waliongeza sana manunuzi ya vitu vya kinga, kama vyandarua. Wengine walipewa kisanduku ambacho ufunguo wake haukuwa mikononi mwao, na faida ikawa ndogo, kwa sababu pesa iliyofungwa kabisa haikuweza kuwasaidia shida nyingine zilipobisha hodi. Kisanduku cha kawaida kilifanya kazi kwa kuipa pesa jina na mahali, na kwa kumpa mwenyewe sababu ya heshima ya kumwambia ndugu kwamba pesa hiyo ina kazi yake.

Kibubu cha mbao kinachouzwa mitaani kina nguvu hiyohiyo, ila kina udhaifu: kinaweza kuibwa au kuungua, na pesa iliyomo haizai. Kinafaa kwa malengo ya wiki chache. Kwa malengo ya miezi, akaunti yenye masharti husaidia zaidi. Nchini Ufilipino, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia wateja wa benki moja ya vijijini waliopewa nafasi ya kufungua akaunti ambayo hairuhusu kutoa pesa mpaka tarehe au kiasi walichokichagua wenyewe. Baada ya mwaka, akiba ya kundi lililopewa nafasi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 81 ikilinganishwa na kundi ambalo halikupewa. Somo la tafiti hizi mbili linakwenda pamoja: fungu la dharura lifikike kwa urahisi, na fungu la malengo liwe na kizuizi ambacho mwenyewe amekikubali.

Nguvu ya kikundi

Kizuizi chenye nguvu kuliko vyote Afrika Mashariki ni watu. Upatu, ambao wengine huuita mchezo, ni namna ya zamani: watu 10 wanatoa 20,000 kila wiki, na kila wiki mmoja anachukua 200,000. Hakuna riba, na aibu ya kukosa mbele ya wenzako ndiyo dhamana. Udhaifu wake ni kwamba zamu haifuati shida. Anayeumwa wiki ya pili huenda zamu yake ni ya tisa.

Vikundi vya kuweka na kukopa viliziba pengo hilo. Mfumo huu ulianzia eneo la Maradi nchini Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, ukaenea barani kote, na Tanzania ukajulikana sana kwa sura ya VICOBA. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 30, hukutana kila wiki na kununua hisa. Pesa hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Mwanachama hukopa kwa kipimo cha akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu, na kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Mwisho wa mzunguko wanavunja sanduku na kugawana akiba pamoja na faida iliyotokana na riba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi hivi katika daraja la nne, na SACCOS katika daraja la tatu, hivyo usajili ni takwa la kisheria na kinga kwa mwanachama.

Kikundi kizuri hutambulika kwa mambo machache: katiba iliyoandikwa, hesabu zinazosomwa hadharani kila kikao, na viongozi wanaobadilika. Kikundi ambacho mtu mmoja ndiye mweka hazina, mtunza daftari na mshika ufunguo kinasubiri matatizo. Siku ya kugawana nayo inahitaji mpango wake, maana pesa ya mwaka mzima inaweza kuisha kwa wiki moja ya Desemba.

Deni na gharama yake

Kukopa harusi, kulipa matanga, husema methali, na mikopo inayoitwa kausha damu imeifanya methali hiyo kuwa habari ya kila mtaa. Jina hilo limetokana na marejesho yanayodaiwa kila siku bila huruma. Ukali wa mikopo hiyo huonekana kwa hesabu. Mtu akikopa shilingi 300,000 na kurejesha 13,000 kila siku kwa siku 30, atakuwa amelipa 390,000. Mkopeshaji atamwambia riba ni asilimia 30. Lakini mkopaji hakukaa na 300,000 kwa mwezi mzima, kwa kuwa alianza kurejesha kesho yake. Kwa wastani amekuwa na takribani nusu ya pesa hiyo, kwa hiyo riba halisi inakaribia asilimia 60 kwa mwezi. Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Kwa 300,000 iliyokaa mwezi mzima, hiyo ni 10,500. Kati ya 10,500 na 90,000 ndipo ulipo mtaji wa wanawake wengi wa sokoni.

Mikopo ya simu nayo ina gharama inayofichwa na udogo wa kiasi na ufupi wa muda. M-Shwari ya Kenya, iliyoanza Novemba 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shida ya mara moja kiasi hicho kinavumilika. Anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima analipa asilimia 90 ya kiasi alichokopa, na mwisho wa mwaka bado anadaiwa mkopo wa mwezi huo.

Mkopo wenye manufaa ni ule unaonunua kitu kinachozaa kuliko riba yake na kinachoanza kuzaa kabla rejesho la kwanza halijafika. Cherehani kwa fundi mwenye wateja ni mfano wake. Sherehe, simu mpya au kulipa mkopo mwingine si mifano yake. Kabla ya kukopa benki au kwa mkopeshaji, mwanamke, kijana au mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuulizia mikopo ya halmashauri, ambayo hutengewa asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2, na haina riba.

Aliyekwisha kuzama hutoka kwa utaratibu. Anaorodhesha madeni yote, kiasi na riba yake. Anaacha kukopa kipya. Analipa kiwango cha chini kwa kila mdai, na kila ziada anaielekeza kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote mpaka liishe, kisha linalofuata. Anakwenda kuzungumza na wadai kabla ya siku ya kulipa kupita, kwa sababu mdai anayeona nia husikiliza kuliko anayekuta simu imezimwa.

Mawazo nyuma ya pesa

Uhaba una tabia ya kubana akili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakulima wa miwa wa jimbo la Tamil Nadu nchini India walipewa maswali yaleyale ya kupima fikra kabla ya mavuno, walipokuwa hawana kitu, na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi, ingawa walikuwa watu walewale. Anayewaza chakula cha jioni hana nafasi ya kuwaza mwaka ujao. Ndiyo maana maamuzi makubwa ya pesa yafanywe siku za nafuu, yaandikwe, na yafanye kazi yenyewe siku ngumu zikija.

Shinikizo la jamii ni jambo la pili. Kadi za harusi, vikao vya send-off na kitchen party huja mfululizo, na kukataa huonekana kama kujitenga. Fungu la mwaka la michango humpa mtu jibu la kweli: anatoa kulingana na kilichobaki katika fungu hilo, na hakopi ili achangie. Kumsaidia mzazi au ndugu ni wajibu wenye thamani, na huwa wa kudumu ukiwekwa kwenye bajeti kama kodi ya nyumba ilivyo.

Jambo la tatu ni ukimya ndani ya nyumba. Mume na mke wasiojuana madeni hawawezi kupanga. Kikao kifupi kila mwezi, daftari likiwa mezani, huwafunza hata watoto. Mtoto anayepewa kiasi maalumu cha wiki na kuachwa akipange hujifunza mapema kwamba pesa ikiisha imeisha.

Kukuza kilichopatikana

Akiba iliyokaa ndani hupungua nguvu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 5 kwa mwaka, shilingi milioni moja baada ya miaka 10 itanunua vitu vinavyopata leo kwa takribani 614,000. Pesa ambayo haitahitajika karibuni inapaswa kuzaa. Shilingi 20,000 zinazowekwa kila mwezi mahali panapotoa asilimia 10 kwa mwaka, faida ikirudishwa humohumo, hufikia takribani milioni 4.1 kwa miaka 10, ingawa mwekaji ametoa milioni 2.4 tu. Kwa miaka 20 hufikia takribani milioni 15.2, na alichotoa ni milioni 4.8. Muda ndio unaofanya kazi kubwa, hivyo anayeanza mapema na kidogo anaweza kumshinda anayechelewa na kingi.

Milango ipo. UTT AMIS huuza vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwemo Mfuko wa Umoja ulioanza mwaka 2005, na kiwango cha kuanzia kiko ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida. Hati fungani za Serikali huuzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja, na riba yake hulipwa kila baada ya miezi sita; kikundi au ndugu wanaweza kuchangiana mpaka wafikie kiwango hicho. Hisa za kampuni huuzwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, na bei zake hupanda na kushuka, hivyo zinawafaa wanaoweza kusubiri miaka. Waliojiajiri nao wanaweza kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF kwa hiari, na bima ya afya huilinda akiba yote isiishie kwenye kitanda kimoja cha hospitali.

Ahadi ya faida kubwa kwa muda mfupi inahitaji tahadhari. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania waliopanda mbegu, yaani kuweka pesa, katika mpango wa DECI walibaki na maumivu Serikali ilipousimamisha, kwa kuwa pesa za waliotangulia zilikuwa zinalipwa kwa pesa za waliofuata. Maswali matatu huokoa wengi: faida inatokana na biashara gani, nani amempa mwendeshaji leseni, na je, mapato yanategemea kuleta watu wapya? Palipokosekana jibu la wazi, pesa ibaki ilipo.

Hatua hizi zina mfuatano wake: kuandika, kuyapa fungu mambo yenye tarehe, kujenga akiba ya dharura, kumaliza madeni yenye riba kali, kisha kuwekeza. Kuruka hatua ndiko kunakowarudisha watu nyuma, kama anayenunua hisa huku akidaiwa kausha damu, au anayewekeza kila kitu na kuuza kwa hasara mtoto anapougua. Kila hatua inaweza kuanza kwa kiasi kidogo mno, na daftari la shilingi 500 linatosha kuianza ya kwanza.